Kabura Asikimbie

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Niko hai! Nilirudi kutoka Mombasa na malaria, nikalazwa hapa Nyeri, wakanitundikia maji ya kwinini. Jumamosi moyo ukarukaruka, ukasimama. Nesi Zabibu akanipanda kifuani, akausukuma mpaka ukaanza kupiga tena. Mbavu zinauma kila nikipumua — ziume tu! Mungu ambariki huyo mama na mikono yake mizito.

Jumanne, 5 Agosti

Daktari Shee amekuja na karatasi ndefu ya mistari ya moyo wangu. Mtu wa Lamu. Kiswahili chake kitamu mpaka ugonjwa unapendeza. Anasema moyo wangu huchelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata, nimezaliwa nao hivyo, na kwinini huuchelewesha zaidi. Iko na dawa zingine za namna hiyo. Nisizikaribie tena. Akauliza nani kwetu aliwahi kuanguka ghafla.

Nikamwambia, akina Kabura. Mama yangu Kabura alianguka akichuma kahawa. Kabura wa dada yangu alianguka katika mbio za shule. Hawakuamka. Ndiyo maana Kabura wangu, aliyepewa jina la mama kama desturi yetu, haruhusiwi hata kuruka kamba. Mimi ni Watiri, jina la upande wa baba. Sikuwa na wasiwasi wowote.

"Lakini aliyeanguka ni wewe, Mama Ngendo," akasema kwa upole. "Maradhi haya hufuata damu, hayafuati jina. Niletee watoto wote wawili."

Wote. Yaani hata Ngendo — kifungua mimba wangu, anayeiwakilisha shule yao katika mbio mpaka mkoani!

Jumatano, 6 Agosti

Mutahi ameleta uji. Mume wangu anabisha! Ati Ngendo ana jina la mama mkwe wangu, na mama mkwe bado anabeba kuni. "Huyo iko sawa kabisa. Nitaleta Kabura peke yake." Nikamwambia alete wote, ama nitoke kitandani niwaendee mwenyewe. Akacheka, akanifunika miguu. Ni mbishi, lakini nimeolewa na mtu mzuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamepimwa. Kabura hana kitu! Miaka yote tumemshika kama yai! Ametoka mbio mpaka geti na kurudi, nesi wanamkemea, mimi nalia na kucheka.

Ngendo ana mistari kama yangu.

Dawa iko, ya kumeza kila siku. Daktari anasema akiimeza vizuri ana tumaini kubwa. Asante Mungu, tumejua akiwa bado anapumua. Wengine wetu walijulikana kaburini. Nashukuru, nashukuru.

Ila mbio aache. Daktari ameniachia mimi nimwambie.

Wako hapa mbele ya kitanda changu. Ngendo amepiga goti sakafuni, anamfundisha mdogo wake kuanza mbio — vidole chini, macho mbele. "Mami, kesho twende na yeye fildi? Nitakimbia pole pole, anifikie."

Kabura anaruka kwa furaha. Wote wawili wananiangalia.