Jani la Springi Lililopita Motoni

Baba Wakuru,

Ninaogopa. Nimeanza na hilo kwa sababu wewe hukupendaga mtu wa kuzunguka maneno. Herufi zinakimbiana, na unajua herufi zangu hata nikitulia zinakaaga kama kuku waliomwagiwa mtama. Shule sikuiona mimi. Ninachojua ulinifundisha kwa kidole kwenye vumbi la mlango wa pikapu. Unaandika A, na mimi naandika A, mama yako anapita na kuni zake anasema, "Huyo mnataka awe karani?"

Pikapu ipo. Tangu tulipokuzika ilikaa juu ya mawe nyuma ya zizi, kuku wakataga kwenye kiti chako. Sasa Wakuru ameiamsha. Ndiyo, binti yako huyo huyo. Leseni anayo, anaendesha na kitenge kiunoni, na wanaume wa hapa wanasimama kumtazama kama wameona ng'ombe anapanda ngazi. Injini iliwaka siku ya kwanza. Lakini nyuma imekaa chini, springi zimechoka, na upande wa kulia jani moja la chuma limekatika kabisa. Na yeye ameshawaahidi kwaya kwamba Jumapili anawapeleka Nyegina. Wamama kumi na wanne nyuma, Baba Wakuru. Na kutoka nyumbani njia ni moja tu, ule mteremko.

Unajua kwa nini naandika.

Juzi tulipanda daladala kwenda Musoma kutafuta spea. Nilibeba kamba ya ndama. Nilikuwa nimepima springi ya zamani toka shimo hadi shimo nikafunga mafundo mawili, maana macho ya fundi siyaamini. Wakuru alicheka. Fundi Masatu, yule aliyekuwaga anakuita shemeji bila sababu, akatuwekea vitu vitatu chini. Springi mpya za dukani, nyeusi zinang'aa. Springi za mtumba, za kulia na kushoto, zimetolewa pamoja kwenye gari moja. Na jani moja nene la basi bovu.

Zile mpya niliziwekea kamba. Fupi kwa vidole vitatu. Akasema, "Bibi, tutavuta tu, zitaingia." Nikamwambia avute masikio yake.

Ndipo akanyanyua lile jani la basi. "Basi bibi, mnahangaika nini? Hili nalipasha moto kidogo, nalikunja, linakaa kama limezaliwa hapo. Linabeba hata tembo." Na Wakuru, kwa kuchoka, akasema, "Mama, tuchukue hilo twende. Jumapili hiyo inakuja."

Nikasikia tena ule mlio. Ta!

Mume wangu, hatukuliongeleaga hili hata tukiwa wawili. Leo naliongelea. Ulikuwa na malaria, ukanituma Bunda nikakutafutie jani la springi. Mvua ikanikamata Nyamuswa, nikaingia kwa yule mhunzi. Nilikuwa nalima na jembe lake miaka na miaka, halijapinda, na jembe lile alilifua kutoka kwenye springi ya lori. Nikajiambia chuma ni chuma. Kama kinashinda mawe ya shambani kwangu, kitashindwa nini na mzigo wa mihogo? Akachukua jani la basi, akaliweka motoni mpaka likawa jekundu, akalikunja, akalizimisha kwenye maji. Nikampa majogoo mawili. Nikafika nyumbani nikakudanganya, "La dukani, Bunda." Ukalifunga ukiwa bado unatetemeka homa, ukanisifu.

Kwenye mteremko, na mihogo nyuma, mimi kando yako, likasema ta. Nyuma ikakimbilia upande mmoja, nikaona mkonge unakuja dirishani. Nilipofungua macho ulikuwa umetambaa chini ya gari, bega lako limevunjika, na unalitazama lile jani. Palipokatika palikuwa na bluu, kama shingo ya kanga wa porini. Bluu ya moto, maana chuma cha springi kikichomwa kinakuwa kikavu kama kigae. Ukanitazama. Ukalitupa mkongeni kabla watu hawajafika.

Watu wakasema umelewa. Nikataka kusema ukweli, ukanishika kanga. "Acha waseme nimelewa. Mlevi anasamehewaga. Mwanamke aliyevunja gari ya mume wake, mama yangu hatamsamehe mpaka kiama." Wakakuvua uongozi wa jumuiya. Ukakaa benchi la nyuma kanisani, wewe ambaye pombe ulikuwa hata harufu huitaki. Na siku ya kukuzika kuna mtu akaomba Bwana akusamehe pombe yako, na mimi nikaitika amina.

Niliitika, Baba Wakuru.

Basi pale dukani, kati ya matairi na grisi, nikasema. Nilisema kwa sauti, unajua sauti yangu, mpaka waliokuwa wananunua plagi wakageuka. "Wakuru, baba yako hakuwa amelewa. Mimi ndiye nilimletea jani lililopita motoni nikamdanganya ni la duka." Mtoto wako akakaa juu ya tairi. Halafu akamwambia fundi, bila kunitazama, "Hilo la moto litoe mbele ya mama yangu." Mpaka leo uji ananipa. Ananiwekea sukari kama kawaida. Lakini hanitazami, na hilo nalo linaniogopesha.

Tulichukua zile za mtumba. Kamba ilikaa fundo kwa fundo. Nilizipitishia vidole jani kwa jani kama ninavyopapasaga mguu wa ng'ombe mnadani, nikagonga kwa jiwe, zikalia vizuri. Jana Masatu akaja nyumbani kuzifunga, akasema tufunge ya kulia tu, ya kushoto bado inapumua. Nikamuuliza, "Wewe kijana, umewahi kulima? Funga maksai mzima na maksai mzee nira moja uone plau itakavyokwenda kwa jirani." Akacheka, akafunga zote mbili. Bushi mpya, bolti zake mpya, shokapu mpya kulia na kushoto. Gari imesimama vizuri sasa, mgongo umenyooka.

Lakini hata lile langu lilisimama vizuri, siyo? Ndiyo maana silali. Chuma hakisemagi uongo wake mpaka ufike mteremkoni.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya mwanamke yeyote kupanda, tunashuka na viroba vya mchanga nyuma badala yao. Kila mwanakwaya kiroba kimoja, mwenyekiti wao viwili, unamjua. Wakuru anaendesha. Mimi nakaa mbele, pale pale nilipokaaga. Alinikatalia. Nikamwambia springi nimechagua mimi, mfupa wa kwanza kuvunjika uwe wangu. Leo jioni nimeona amepiga deki ile sehemu yangu na kuweka mto.

Nakuahidi mawili. Nikifika chini nitashuka, nitaandika kwenye vumbi la mlango kwa kidole: NIMEFIKA. Wewe ulinifundisha, utaweza kusoma. Na Jumapili, kwaya ikimaliza kuimba Nyegina, nitasimama mbele yao wote niseme nani alidanganya na nani hakuwahi kulewa. Ile amina yangu nitairudisha kwa mdomo huu huu.

Lala, mume wangu. Najua umezoea kuninyooshea mkono nikishuka garini. Kesho usininyooshee. Niache nishuke mwenyewe.

Mkeo,
Mama Wakuru