Kilichobaki Kwenye Friza

Mama yangu,

Shikamoo. Jana ulinijia tena usingizini, kanga umeikunja magotini, unafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Ukaniuliza, "Umekula?" Nikaamka kabla sijajibu, na hilo linaniuma mpaka sasa.

Kamba zako za Mlingotini anazitunza jirani yako, Bi Tatu. Mimi bado nipo maabara. Unakumbuka ulipokanyaga gamba la chaza, kidonda kikaoza, ukalazwa, wakachukua usaha kwenda kupima? Bakteria waliokuwa kwenye usaha ule hawakuzikwa nawe. Tunao kwenye friza, ndani ya kichupa kidogo kama kidole, wamelala tu lakini wapo hai. Kichupa hakina jina, kina namba, na namba yako naijua. Kila asubuhi nikifungua friza nakuamkia. Wenzangu wananicheka, wanasema nawapa wadudu shikamoo.

Wodini uliniuliza, "Hivi huyu mdudu ana nini hata anishinde mimi?" Sasa tumempima. Jeni zake hutokea kwenye giza la mashine kama mistari inayong'aa, na naona haya kusema, ni mizuri. Nikaitazama kama niliyeko bado ndotoni. Jeni moja humsaidia kunata kwenye nyama ya kidonda, nyingine humpa sumu ya kupasua chembe za damu. Ndicho alichokuwa nacho, mama. Wewe ulikuwa na mguu mmoja mbovu na ubishi wako.

Kazi ya kuwapima imekwisha, na vichupa vinatakiwa kuchemshwa kwa mvuke mpaka visibaki na uhai. Daktari wetu alinivuta pembeni, akasema nikitaka kile kimoja kibaki, yeye hataniuliza. Nilisimama nacho mkononi, baridi inaniuma vidole, nikijiambia hiki ndicho kitu pekee kilichotoka mwilini mwako ambacho bado kiko hai.

Halafu nikacheka peke yangu, machozi yananitoka. Na mimi je, nilitoka wapi?

Kesho nitakichemsha. Friza sitaiamkia tena. Bamvua likifika, maji yakipwa sana, nitashuka Mlingotini, nimwombe Bi Tatu kamba yako moja, nifunge mbegu kama ulivyonifundisha. Shikamoo yako nitaitolea huko, maji yakiwa magotini.

Pumzika sasa, mama. Na usihangaike kuniuliza, nitakuja nimekula.

Mwanao,
Mwajuma