Shiraa Niliyoishona kwa Mtaa

Ijumaa, mwezi wa Shaaban, baada ya chai. Kusi yavuma tangu alfajiri, manyunyu yaja na kwenda, na nguo nilizofua juzi bado mbichi kambani. Nina hasira. Nimeamka nayo, nimeswali nayo, Mola anisamehe, na kikombe kimenivunjikia mkononi kwa ajili yake.

Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitamtukana mtu.

Watu wa Kibokoni wanijua kwa sindano. Kofia nyingi za darizi zinazoingia msikitini leo zimepita mikononi mwangu, na mito ya maharusi, na mapindo ya nguo za wakubwa wa Ndia Kuu. Hina pia nachora. Hiyo ndiyo riziki yangu tangu nifiwe na mume. Lakini mtaa una kazi zisizolipwa, na hizo nazo zanijua mlango. Maiti wa kike akikosa wa kumwosha, naitwa mimi. Bi harusi akikosa wa kumpamba, naitwa mimi. Sijalalamika. Nisipokwenda, nani atakwenda?

Hata shiraa niliishona kwa nia hiyo. Katika mji huu mwanamke wa heshima akitoka mchana hutembea ndani ya shiraa: kitambaa kikubwa kama chumba, watu wamekiinua kwa miti minne, yeye yumo katikati haonekani hata kisigino. Shiraa ni ghali, na wasichana wa wasiojiweza huolewa bila ya kuwa nayo. Nikasema mtaa uwe na yake, kila bi harusi aitumie. Nikanunua kitambaa cheusi kizito, pindo zima nikalitia maua ya hariri nyekundu. Macho yangu yamebaki mle. Sijawahi kushona kitu kizuri kama kile, na sidhani nitashona tena.

Nyumba yangu yavuja. Kwa hivyo nikaiweka kwa Bi Zainabu, mwenye ghorofa kavu pale Ndia Kuu. Nikampa paka kulinda samaki!

Jana ilikuwa harusi ya Tatu.

Tatu ni binti wa Mama Faida. Mama Faida alikuwa mtumwa katika nyumba ya huyo huyo Bi Zainabu, mpaka serikali ilipotangaza kwamba hakuna mtumwa tena. Sasa ana chumba chake mtaa wa Kuze, apika vitumbua na mahamri, auza mlangoni. Chumba chenyewe ukiingiza kitanda mlango haufungi, ndipo nikasema fungate iwe kwangu. Hina nimemchora mwenyewe, maua madogo madogo mpaka kwenye nyayo. Mama Faida aliniomba jambo moja tu: mwanawe asitembee wazi kutoka Kuze hadi Kibokoni, mabaharia na makuli wakimkodolea macho.

"Mimi nimetazamwa maisha yangu yote, Bi Rukia," aliniambia. "Huyu asitazamwe."

Jambo moja tu.

Asubuhi nikaenda kuifuata shiraa. Bi Zainabu alinipokea kwa adabu zote, sabalkheri, watu wako hawajambo, kahawa, halua. Nikamwambia nimekuja kuchukua shiraa ya harusi ya Tatu.

"Tatu yupi?" akauliza.

Amjua. Tatu kazaliwa chini ya ngazi zake.

"Ah, Tatu wa Faida." Akatabasamu. "Mwanangu, shiraa ni ya waungwana. Huyo na ajitande leso kama mamake. Ukimtia ndani ya shiraa watu watamcheka, utakuwa umemwaibisha mtoto wa watu." Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile ya halua: "Na umwambie Faida, Jumatatu twamtoa mpwa wangu kwa harusi yake. Aje ashike mti wa mbele. Siku hizi watu hawapatikani, na yeye ameshauzoea."

Lahaula!

Wallahi nilihisi masikio yanawaka. Binti hafai kuingia ndani, lakini mama afaa kubeba kwa nje! Akinya kuku sawa, akinya bata ameharisha. Nikamwambia, "Bi Zainabu, shiraa hii nimeishona mimi."

"Ndiyo, umeishona, na Mungu akulipe kheri," akasema. "Lakini yakaa kwangu."

Yakaa kwake! Kwa Bi Zainabu kila kinachokaa kwake ni chake. Hata watu alidhani hivyo, na naona hajaacha kudhani.

Nilipanda ngazi, mimi niliyefundishwa na mamangu kwamba chumba cha mtu hakiingiwi bila ya hodi, nikaitoa shiraa sandukuni nikaikumbatia, nikaichukua na miti nyuma ya mlango, nikateremka. Mti mmoja ulimkwangulia ukuta wake wa chokaa. Sikuomba radhi. Aliniita kwa jina langu na la baba yangu na la babu yangu, nami nikaendelea kwenda.

Nilifika Kuze nikihema, kifua mbele. Wanawake walikuwa wamekusanyika, wenzake Mama Faida, wote waliokuwa watumwa katika nyumba kubwa kubwa za mji huu. Nikawaambia, haya, mashoga, shikeni miti, wakati umefika.

Hakuna aliyeinuka.

Nikarudia. Wakatazama mkeka. Mama Faida akajifuta unga mikononi, akaja mbele yangu akasema polepole, "Bi Rukia, miti hiyo mimi siishiki tena. Hata kwa mwanangu." Akashusha leso begani. Pale mti ulipokuwa ukilala, ngozi imekuwa ngumu na nyeusi, pana kama kiganja. "Huu ndio mti wa mbele," akasema.

Nasema kweli, hata yeye alinikasirisha. Nimegombana na nyumba kubwa kwa ajili yako, na wewe nawe? Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, nikayameza kwa shida. Kisha hasira ikageuka ikaiendea shiraa yenyewe. Mimi nimetembea ndani ya shiraa ya mamangu tangu nivunje ungo. Ndani mna kivuli, mna harufu ya udi, na nje husikii kitu ila nyayo za wanaobeba. Nyayo hizo nimezisikia miaka yote hiyo. Nimeketi nikashona ua baada ya ua kwa ajili ya maskini, na sikujiuliza ni maskini gani atakayesimama nje akiinua.

Tatu alikuwa kitandani, hina yake mikononi, anitazama. Hakulia. Angelia ningepata nafuu. Aliuliza tu, "Basi nitapitaje?"

Alasiri ikaadhiniwa.

Nikaomba mkasi.

Wanawake walidhani nimepagawa. "Bi Rukia, usiiharibu kazi yako!" Mmoja alinishika mkono, nikauchomoa. Nikaitandaza shiraa sakafuni nikaanza kukata. Mkasi wa Mama Faida ni butu, kitambaa kizito, vidole vikaniuma, na machozi yakinitoka ya ghadhabu. Nilipofika kwenye darizi mkono uligoma. Nikaupumzisha kidogo, nikakata na darizi.

Kipande cha kwanza nilimtia Tatu. Nikakishusha kutoka utosini mpaka chini, nikakizungusha mwilini, lile pindo jekundu likapita usoni, na ncha yake nikamtia mkononi.

"Shika mwenyewe," nikamwambia. "Ukitaka kuona, funua. Ukitaka kujificha, funika. Usimngoje mtu."

Nguo iliyobaki nikamfunika mamake, na wenzake wengine kadiri ilivyotosha. Waliokosa walibaki na leso zao wakasema watakwenda pembeni. Mama Faida, alipofunikwa, aliivuta nguo mpaka machoni, akageuka huku na huku. Kisha nikasikia kicheko mle ndani, kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho.

"Bi Rukia! Mimi nakuona, wewe hunioni!"

Ilikuwako njia fupi ya uchochoroni. Nikasema la, hatujifichi, twapita Ndia Kuu. Tukapita kwa vigelegele, wenye maduka wakasimama mizani mkononi, makuli wakatazama, na watazame! Waone nini? Nguo nyeusi na pindo jekundu, na mwenye kuishika ni mwenyewe aliyemo. Chini ya dirisha la Bi Zainabu nilipiga kigelegele mpaka koo likakwaruza. Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Likafungwa.

Leo asubuhi ameleta mtu. Ujumbe wake ni huu: mimi ni mwizi, nirudishe shiraa kabla ya Jumatatu, hina ya mpwa wake atachora mwingine, na nyumba zote za jamaa zake hazitanipa tena hata kofia moja. Najua maana yake. Hao ndio wanaonilisha. Naogopa, sikatai, na dari yavuja na kusi bado haijaisha.

Na kazi yangu imekwenda. Nilipokuwa nakunywa chai nilikumbuka ua moja la pembeni, lililonisumbua nikalifumua na kulishona upya mpaka likakaa nilivyotaka, na jana limepita katikati ya mkasi. Hapo ndipo kikombe kilipovunjika. Simlilii Bi Zainabu wala jamaa zake. Nalilia ua langu, na namkasirikia kila aliyeufanya mji uwe hivi, kwamba kitu kizuri lazima kikatwe ndipo mtu apite ndiani kwa heshima yake.

Kama nimefanya dhambi kuikata mali niliyokwisha kuitoa kwa mtaa, basi niandikiwe mimi, si Tatu.

Tatu yumo chumba cha pili na mumewe. Nguo yake ameitundika msumarini, na asubuhi nilipopita nikaona ameshaanza kulipinda upya lile pindo nililolikata vibaya. Ashona vibaya sana. Nitamfundisha.

Yule mjumbe, nilipokwisha kumsikiliza, alikuwa bado amesimama mlangoni akingoja, ameambiwa asirudi mikono mitupu. Sikumrudisha mikono mitupu. Nimemtolea miti yote minne, nimeifunga vizuri kwa kamba, nikamtwika.

"Mpelekee bibi yako," nikamwambia. "Mwambie Jumatatu ule wa mbele aushike yeye."