Si Mkono Wako, Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Natumai karatasi hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi chako cha baridi kimekuacha. Sisi huku hatujambo kiasi. Presha ya Mama imetulia, mguu wa Baba bado unamsumbua, nami ni yuleyule wa mdomo usiotulia, ila leo utani sina.

Nakuandikia habari za chaza. Najua ukiliona neno hilo utataka kuichana barua. Vumilia, usome mpaka mwisho.

Unakumbuka ulivyoondoka. Watoto wa chaza tuliokuwa tukiwafuga walikufa katika matangi yote, na Baba akasema mbele ya wafanyakazi kwamba uliyaosha matangi kwa dawa usiyasuuze, kwamba mkono wako umemuulia kazi ya maisha yake. Ulikana, hakukusikia. Ulipokwisha kwenda, akawa anayaosha mwenyewe kwa maji ya moto matupu. Wakafa tena. Akasema dawa yako imeganda kwenye mabomba. Tukang'oa mabomba, tukaweka mapya, wakafa vilevile. Mbishi mzee yule! Kila wakifa anakusema wewe, eti mchuma janga hula na wa kwao.

Mwezi uliopita alikuja mpimaji wa maji, dada mmoja mpole, na chupa zake. Alichota kwenye matangi, akachota kwenye bomba linalovuta maji kutoka baharini, akapanda boti akachota mbali kabisa huko nje. Aliporudi na majibu alitueleza taratibu kwamba moshi wa magari na viwanda vya dunia nzima hauishii angani. Bahari inaumeza, na hewa ya ukaa iliyomo ikizidi, maji yanakuwa na asidi. Chaza mkubwa anavumilia, lakini mtoto anayeanza kujenga gamba hawezi. Baba akamcheka, akasema bahari si maziwa hata ichache. Yule dada hakukasirika, alimwita tu kwenye hadubini. Nami nilichungulia. Magamba yalikuwa yameliwa pembeni, mengine hayakuwahi hata kujifunga. Alisema maji ya tangini yanaweza kutibiwa, lakini chaza wakikua kidogo lazima wapelekwe kwenye bahari ileile, na huko kipimo kinapanda mwaka hadi mwaka.

Baba akauliza kama basi si dawa ya kuoshea. Akajibiwa hakuna hata dalili ya dawa. Akauliza tena, kwa sauti ndogo, kama basi si mwanawe. Dada wa watu, asiyejua lolote la kwetu, akasema si mtu yeyote wa hapa.

Nilidhani atashukuru, au atajuta. Lo! Alikaa juu ya ndoo akalia, kaka. Baba analia! Baadaye aliniambia kwamba miaka yote hii alikuwa akingoja urudi uombe radhi, akusamehe, muanze upya na chaza wapone. Akaniuliza sasa amsamehe nani. Kisha akasema heri ingekuwa ni wewe.

Nami nikuambie ukweli, maana sijazoea kukuficha. Niliposikia huna kosa, moyo wangu haukufurahi, ulianguka. Nilikuwa nakutetea kwa Baba kila siku, kumbe kichinichini naomba iwe ni wewe, kwa sababu kosa lako lingerekebishika. Nimeumia kujijua hivyo. Nisamehe.

Jumamosi tulifungua matangi yote, maji yakatoka, tukafunga banda. Wafanyakazi wametuaga, kila mtu kwao. Kwa hiyo hakuna kazi ya kukuitia, wala hakuna cha kurithi. Njoo tu, kaka. Nyumba imekuwa kimya mno, hata mimi nimekosa la kusema.

Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri. Baba amesimama nyuma yangu bila miwani, hawezi kuyasoma haya, lakini ameniamuru niandike kwamba naye anakusalimu. Nimemwambia nimeshaandika. Hakuniamini, akataka nimwonyeshe neno lenyewe lilipo. Nimemwonyesha, na mpaka sasa hajakiondoa kidole chake hapo.

Mdogo wako akupendaye,
Kiherehere