Simama Hapo Hapo

Mahongole, Makambako
4 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo baba. Kamwene nyote hapo nyumbani. Natumaini baridi haijawabana sana na mguu wa mama umetulia. Mimi ni mzima, nakula, na kazi ya dukani inaendelea. Msimu huu wakulima wanaulizia dawa ya kuhifadhi mahindi kuliko mbolea, na mama Prisila, mwenye duka, ameniachia hadi funguo za stoo.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu wewe unaipokea kwa spika, baba, na nyumba nzima inasikia pamoja na wapita njia. Hili lisome peke yako kwanza, halafu uamue mama asomewe nini.

Kuna mtu ananifuata. Ni dalali wa viazi, mtu mzima, mke anaye. Alianza kama mteja. Alinunua dawa ya ukungu, akauliza jina langu na kwetu ni wapi, nikamjibu kwa heshima kama mlivyonilea. Akarudi tena bila kununua kitu. Sasa kila nikifunga duka jioni namkuta ng'ambo ya barabara, ameegemea pikipiki yake. Hanitukani. Anasema tu, "Leo umechelewa, dada." Au, "Ile sketi ya juzi ilikupendeza zaidi." Juzi akaniambia, "Taa ya chumbani kwako inachelewa sana kuzimwa, huna usingizi?" Baba, mimi sijawahi kumwonyesha ninapoishi.

Nilimweleza mama Prisila, akacheka. "Mshukuru Mungu, wenzako wanatafuta wa kuwaangalia." Namba ya yule dalali nimeifungia, anapiga kwa nyingine. Siku hizi nikitembea nasikiliza nyuma yangu kuliko ninavyotazama mbele.

Sikuandikii ili uje. Nimechoka tu kulijua jambo hili peke yangu.

Msalimie mama, na mdogo wangu Nelly.

Ni mimi mwanao,
Hosiana


Matembwe
10 Mei 2024

Mwanangu Hosiana,

Marahaba. Sisi hatujambo. Baridi ni ile ile, na mguu wa mama yako unauma asubuhi tu, akishatembea unaachia. Barua nimeipokea kwa kondakta wa basi. Nimeisomea kule kazini kwenye miti ya misindano nimekaa juu ya gogo, wenzangu wakadhani nimeletewa habari za msiba.

Jina lake nani? Umejaza ukurasa mzima na jina hukuweka. Anakaa wapi? Pikipiki yake rangi gani? Nitakuja na kaka yako Ebeneza. Hatutamwua. Tutamweleza, na ataelewa. Mikono hii imepasua mbao tangu hujazaliwa.

Au basi rudi. Kwenye chai wanachukua vibarua, na chumba chako kipo. Nelly ametandaza vitu vyake humo lakini atavitoa. Hakuna atakayekuuliza kwa nini umerudi, na akiuliza mtu aje kwangu.

Mama yako nimemsomea salamu tu. Ameniangalia sana. Sidhani kama ameamini.

Jibu haraka. Na uandike jina.

Baba yako,
Yoeli


Mahongole, Makambako
19 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Parachichi ulizotuma zimefika salama, mbili tu ndizo zimepondeka. Nyingine nimegawana na jirani yangu, mama Dorosela. Poleni na baridi, huku pia asubuhi tunatoka tumejifunga mablanketi.

Jina sitakupa, baba, unisamehe. Sio kwamba namlinda yeye. Ukija na Ebeneza mkampiga, ninyi mtalala mahabusu na yeye atalala kwake. Mimi Jumatatu nitafungua duka kama kawaida, na safari hiyo atakuwa na kisasi. Na kurudi nyumbani bado sitaki. Kazi hii naipenda. Nikiondoka mji huu kwa ajili yake, mwingine naye ataniondoa nitakapohamia.

Lakini sijakaa bure. Huyu mama Dorosela ni mwenyeji wa Ludewa, anauza viazi kwenye njia ya relini. Nilimweleza yote na hakucheka. Alisema, "Jumamosi unakwenda na mimi." Akanipeleka ukumbi wa usharika. Kuna mwalimu wa michezo wa sekondari, Fidelia, anawakusanya wanawake Jumamosi mchana na kuwafundisha kujilinda. Nilidhani tutabwagana chini kama kwenye sinema. Kumbe siku nzima ya kwanza tulijifunza kusimama. Miguu iachane kidogo, mikono mbele ya kifua, viganja wazi, kama mtu anayemwomba mwenzake apunguze mwendo. "Mikono ikiwa hapo," anasema mwalimu, "umeshajikinga na yeye hajajua." Halafu unasema, "Simama hapo hapo!" Husemi tafadhali, wala samahani kaka.

Baba, nilishindwa. Zamu yangu ilipofika sauti ilitoka kama naomba chumvi kwa jirani. Walicheka wote, na mimi nikacheka, halafu nikajikuta nalia. Mwalimu akaniambia pole, kwa wengi sauti ndiyo inayochelewa kuja.

Ametufundisha pia kujitoa mtu akikushika mkono. Usivutane naye. Unauzungusha mkono wako kuelekea dole gumba lake, maana hapo ndipo mshiko unapolegea, kisha unauchomoa ghafla. Mama Dorosela alinishika kwa ile mikono yake ya kuchimba viazi, nikachomoka, akafurahi kuliko mimi. Na ukishachomoka unakimbilia penye watu. Mama mmoja akauliza, "Kukimbia si aibu?" Mwalimu akamjibu, "Aibu ya nani? Wewe unakwenda zako nyumbani."

Mengine ni madogo madogo. Nimebadilisha njia. Nafunga duka jua likiwa bado juu, mama Prisila amenuna lakini amekubali. Vijana wa bodaboda wa pale kona wanajua habari yangu, nikipita wananipigia honi. Ujumbe anaonitumia siufuti, nautunza.

Usiwe na hasira na mimi, baba.

Mwanao,
Hosiana


Mahongole, Makambako
1 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Basi limepita mara kadhaa na kondakta ananitikisia kichwa tu. Nimempigia Nelly, anasema hamjambo ila wewe huongei. Kama ni kwa sababu ya jina, sema tu, hata kwa ukali. Afadhali ukali kuliko kimya.

Mimi ni mzima. Wiki hii sijamwona.

Hosiana wako


Mahongole, Makambako
23 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama wewe na uchovu wako, na kwamba ile sweta uliyonunua stendi inakutosha. Huku hatujambo.

Siku zile ulizokaa hapa hatukuzungumza. Ulitengeneza mlango, ukabadilisha komeo, ukakaa kwenye stuli ukitazama ukuta, na mimi nikawa napika tu. Najua ni mama Dorosela aliyekupigia, na alikuambia kwa kifupi. Nataka nikueleze mwenyewe, kwa sababu ana kwa ana nilishindwa.

Ilikuwa Alhamisi jioni, jua halijazama. Nilipita njia ya relini kwa kuwa ndiyo yenye watu, akinamama wanapanga viazi kwenye magunia pale chini. Kabla hujafika kwao pana miti ya milingoti kidogo. Alitokea hapo. Silvanus. Sasa jina unalijua.

Akasema, "Mbona siku hizi unanikimbia?" Niliweka mikono mbele ya kifua kama nilivyofundishwa nikamwambia, "Simama hapo hapo." Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini nilisema. Akatabasamu, akasogea. "Acha kujifanya mgumu, mimi najua unanitaka." Akanishika mkono wa kulia. Nikazungusha, haukutoka. Alinibana zaidi, akaanza kunivuta kwenye milingoti. Baba, wakati ule nilisahau kila kitu, hata mwalimu nilimsahau. Nilichohisi ni kidole gumba chake kimenikandamiza kwenye mshipa. Nikazungusha tena kukifuata hicho hicho, nikachomoa, na mkono ukatoka. Na hapo sauti ikaja. Sijui ilitoka wapi. Nilipiga kelele mpaka koo likauma siku iliyofuata.

Akinamama waliinuka. Na hapa ndipo pananirudia nikilala. Yeye hakukimbia. Alifungua mikono, akawachekea, akawaambia, "Ni mchumba wangu huyu, tumekorofishana kidogo tu. Endeleeni na kazi." Na wakasimama, baba. Niliwaona wanatazamana. Mmoja alianza kugeuka arudi kwenye magunia yake.

Nikasema, "Si mchumba wangu. Naitwa Hosiana, nauza kwenye duka la pembejeo. Mtu huyu ananifuata na sasa hivi amenishika kwa nguvu. Nisaidieni." Mama Dorosela ndiyo kwanza alikuwa anatokea nyuma ya magunia, jembe begani. Hakuniuliza kitu. Alikuja akasimama kati yangu na yeye. Wengine wakamfuata, hata yule aliyekuwa amegeuka. Silvanus aliwatazama, akapanda pikipiki yake akaondoka.

Ya polisi uliyaona. Lakini kuna jambo moja. Pale kwenye dawati la jinsia, yule afande wa kike aliponiuliza ilikuwaje, wewe ulianza kumjibu, nami nikakuambia, "Baba, niache niseme mwenyewe." Uso wako ulibadilika ghafla. Tangu hapo nina wasiwasi kwamba nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Sikukusudia. Ila nilijua kwamba nikikuachia unisemee, mkono wangu ungekuwa bado umeshikwa.

Silvanus aliitwa kituoni, akakuta ujumbe wake wote nimeutunza. Jalada liko wazi. Watu wanasema amehamishia udalali wake kwingine. Wiki iliyopita nilimwona sokoni, akakata kona kabla sijaamua nifanye nini. Siwezi kukuambia kwamba siogopi. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nyuma yangu, naharakisha hatua. Lakini nageuka, natazama, naendelea.

Mama Prisila alikuja ukumbini Jumamosi. Alikaa nyuma, ila alikuja.

Msalimie mama. Mweleze sasa.

Mwanao,
Hosiana


Matembwe
14 Julai 2024

Mwanangu Hosiana,

Marahaba, mwanangu. Sisi tu wazima. Mahindi tumeshayavuna, sweta inatosha, na mama yako anasema nimeanza kuonekana kama mwalimu mkuu.

Nianze na lile la polisi, kwa sababu umelibeba bure. Hukunivunjia heshima. Uso wangu ulibadilika kwa kuwa sikuwahi kuisikia sauti yako ile. Nilikaa pale nimeweka mikono magotini nikakusikiliza ukisema mwanzo mpaka mwisho, yule afande anaandika, na wewe hukurudi nyuma hata kwa neno moja. Mimi nisingeweza. Mimi ningetukana.

Mwishoni mwa mwezi wa tano sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa cha hasira, nikakichana. Ebeneza alikuwa ameshakubali kuja. Ni mama yako aliyetuzuia, na wakati huo hata hajui tunakwenda wapi. Alisema tu, "Mnavyoonekana, huko mnakokwenda hamtarudi wote." Halafu nikamwona mtu mwenyewe, kwenye korido ya kituo. Nilikuwa nimejiandaa kuona jitu. Ni mwanaume mwembamba ana kikohozi, kofia mkononi. Akanisalimia, "Shikamoo mzee." Nilimwacha na shikamoo yake nikatoka nje.

Sasa ya nyumbani. Barua yako nilimsomea mama yako yote, jikoni, Nelly akiwepo. Nilipofika pale wale akinamama walipotazamana, mama yako akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akalia kidogo. Kisha akauliza, "Alipiga kelele namna gani?" Nikamwambia mimi nitajuaje, sikuwepo. Akainuka na mguu wake ule, akatoka mpaka mwisho wa shamba, pale panapotazamana na bonde, akashika kiuno, akapiga.

Hosiana, tangu nimuoe sijasikia kitu kama kile. Kuku walitawanyika. Huko kwenye miti misumeno ikazima. Punde nikaona watu wanashuka kila upande, majembe mkononi, jirani yetu Benno yuko na kiatu kimoja, mwenyekiti wa kitongoji kamwacha mgeni wake mezani, akinamama wamefunga khanga viunoni. "Kuna nini? Nani kafa? Mwizi yuko wapi?" Na mama yako amesimama pale, uso umemwiva kwa haya. Ilibidi niseme mimi. Nikawaambia, "Hakuna kitu. Alikuwa anajaribu."

Nilidhani mwenyekiti atatutoza faini. Benno alianza kufoka, anatafuta kiatu chake. Lakini mke wake akauliza, "Anajaribu nini?" Basi mama yako akawaeleza. Hakutaja jina lako, alisema msichana mmoja. Alieleza ya mkono na dole gumba, akawaonyesha kwa Nelly, akaeleza na yale ya mtu kutaja jina lake na kusema hamtaki anayemshika, ili watu wasidanganyike. Wanaume tulisimama pembeni na majembe yetu, hatujui tuyapeleke wapi. Mwishoni mke wa Benno akasema, "Na mimi nijaribu." Akapiga. Halafu mwingine.

Sasa kila Jumatano wasichana wakitoka shule, na akinamama wanaopenda, wanakusanyika pale mwisho wa shamba. Nelly anajifanya ndiye mwalimu. Waulize walichojifunza, watakuambia ni kusimama.

Mimi niko ng'ambo ya bonde na msumeno. Nikiwasikia nazima kwanza, nasikiliza. Kama ni mazoezi, baada ya kelele wanacheka. Nasubiri hicho kicheko. Kikifika, nawasha, naendelea na kazi.

Baba yako,
Yoeli