Kiti cha Vaikaunti

Jumatano, 1 Machi 1911

Mwanasheria kasema mbele ya wote: Gervase asiitwe kwa cheo cha Vaikaunti bado. Kwanza ijulikane kama mjane wa marehemu — mimi! — ana mimba. Nikizaa wa kiume, cheo cha mume wangu Ambrose ni chake tangu pumzi ya kwanza. La sivyo, cheo, nyumba, mashamba, vyote vya shemeji Gervase. Winifred na Maud wangu hawahesabiki. Wasichana.

Mama mkwe akanitazama tumbo kama anayechungulia chungu. Vipi, mwanangu? Nikasema nimechelewa kuona siku zangu. Ni kweli, nimechelewa.

Jumamosi, 4 Machi

Silali, situlii. Sebuleni, maktaba, sebuleni tena. Gervase anapima madirisha yangu! Mkewe anataka mapazia ya kijani.

Asubuhi alimfokea Tapley, mkuu wa watumishi: "Niite Lodi, kama marehemu!"

Tapley akainama mpaka chini. "Bila shaka, Bwana Gervase."

Nilicheka mpaka kifua kikauma. Kisha nikalia. Gervase kasema wasichana wataenda shule ya bweni, mbali, na mimi nitapewa nyumba ya mtunza mbwa. Bila wao nitakuwa nani?

Jumatatu, 6 Machi

Damu.

Jumanne, 7 Machi

Sijamwambia mtu. Shuka nimefua mwenyewe kwenye beseni — mimi, nisiyewahi kufua hata leso! Maud akaingia, akauliza mbona nafua. Nimemwaga chai, nikasema.

Nina hasira na Ambrose. Kuruka ukuta kwa farasi, umri ule!

Mama mkwe kaleta mchuzi wa nyama, kanilisha kwa mkono wake. "Kula, mwanangu. Sasa mnakula wawili." Jamani! Kesho namwambia.

Jumatano, 8 Machi

Sikumwambia. Daktari anakuja Ijumaa.

Nimejifungia chumbani. Mchana huu, mezani, Gervase alikishika kiti cha Ambrose, akakivuta.

"Gervase!" Mama mkwe aliweka kijiko chini. "Hicho kina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi, Mama?"

Wote wakanigeukia. Hata Tapley, na bakuli la supu mkononi. Winifred akanishika kidole chini ya meza.

"Shemeji," Gervase akasema, taratibu, "tuambie basi. Nikae, nisikae?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilitaka kusema kweli. Mkono ukaenda wenyewe tumboni.

Gervase akakirudisha kiti. Mama mkwe akalia kwa furaha, akamtuma Tapley darini akashushe kitanda cha mtoto. Nakisikia sasa hivi, kinaburutwa ngazini — kinakuja huku kwangu.