Ki- Niliyoifuta

Kimandolu,
S.L.P. 1932,
Arusha.
9 Machi 2003

Mpendwa dada yangu Kaanaeli,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Je, goti lako limepata nafuu? Sisi tu wazima. Mke wangu Tabea bado anakohoa, lakini kanisani anafika.

Unazikumbuka mbao za loliondo ambazo marehemu Baba alizipasua kutoka kwenye mti ulioangushwa na upepo shambani. Zilikaa darini miaka ishirini na minane zikingoja sebule. Mwaka jana nilimkabidhi mwanao Manase azipigilie sakafuni, kwa kuwa ni fundi na ni mpwa wangu.

Katika makubaliano aliandika: "Nitaweka sakafu ya kiloliondo." Nikachukua kalamu nyekundu, nikaifuta ki- hiyo. Nilimweleza kwamba huonyesha mfano wa kitu, si kitu chenyewe. Akacheka, akasema mwalimu hastaafu, akatia sahihi.

Kazi ilifanyika tukiwa msibani Machame. Tuliporudi, sakafu inang'aa, tukamshukuru Mungu.

Lakini loliondo ni nzito. Ukiikanyaga huitika kwa sauti nene. Hii ililia kama boksi tupu. Kisha nikaona fundo lile lile likijirudia kila ubao wa nne, kama wanafunzi walioibiana majibu. Tabea alipodeki, kingo zikavimba. Nikabandua kipande: juu karatasi yenye picha ya mbao, chini yake unga wa mbao ulioshindiliwa. Vitu hivi sasa vimejaa madukani. Penye pakavu si vibaya, ila vikichakaa havipigwi randa. Loliondo wangeipiga randa hata wajukuu zetu.

Baadaye nikasikia mbao za Baba zimo katika hoteli moja huko Usa River. Nilikwenda, nikazitambua kwa alama za msumeno wake.

Nilipomuuliza, Manase hakukana. Alisema, "Mjomba, ile ki- ilikuwapo. Uliifuta mwenyewe."

Nimetafuta kosa la sarufi katika jibu hilo, sikulipata, na ndiyo maana linaniuma kuliko mbao. Sarufi hiyo nilimfundisha mimi, mezani pangu, ulipomleta akae nasi.

Sitaki fidia. Nataka ubao mmoja tu wa Baba, niuweke kizingitini, na maelezo ya Manase kwa maandishi. Mwambie safari hii sitasahihisha hata herufi moja. Nitayasoma kama alivyoyaandika.

Msalimie shemeji Eliud na Anjela. Mungu ailinde nyumba yenu.

Ni mimi, nikupendaye bado,
Kaka yako Mikaeli